Frank Macfarlane Burnet (1899–1985): Daktari Aliyeuliza kwa Nini Mwili Haujishambulii

Mtahiniwa anayesoma mada ya kinga ya mwili hukariri mapema kwamba seli nyeupe za damu hushambulia kitu chochote kigeni kinachoingia mwilini. Wengi huishia hapo. Wachache hujiuliza swali linalofuata: seli hizo zinajuaje kigeni ni kipi? Ini lako limejengwa kwa protini, na bakteria naye amejengwa kwa protini. Asidi-amino zinazounda protini hizo ni zilezile. Hakuna alama iliyobandikwa juu ya ini kuonyesha kwamba ni mali ya mwenyewe. Hata hivyo seli nyeupe hupita katika ini usiku na mchana bila kuligusa, lakini bakteria wakiingia kupitia mchubuko mdogo wa mguu huanza kushambuliwa muda si mrefu.

Mtu aliyelichukua swali hili na kulijibu kwa sehemu kubwa kabla ushahidi kamili haujapatikana ni Frank Macfarlane Burnet, daktari na mtafiti wa Australia. Soma maisha yake ukiwa na mada mbili kichwani: kinga ya mwili, na uteuzi asilia unaofundishwa chini ya mada ya mageuko. Vitabu vingi huziweka mbalimbali. Kwake yeye zilikuwa kitu kimoja.

Utoto na masomo

Burnet alizaliwa tarehe 3 Septemba 1899 katika mji mdogo wa Traralgon, jimbo la Victoria, kusini mashariki mwa Australia. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Scotland na meneja wa benki. Frank alikuwa mtoto wa pili kati ya 7. Mwaka 1909 familia ilihamia Terang, mji mwingine wa jimbo hilohilo, na huko ndiko kijana huyo, mwenye haya na aliyependa kutembea peke yake, alipoanza kukusanya mbawakawa. Aliwakamata, akawachunguza, akawapanga kwa aina na kuandika kumbukumbu zao. Wengine walikusanya stempu. Yeye alikusanya wadudu, na tabia hiyo hakuiacha alipokuwa mtu mzima. Alisoma habari za Charles Darwin mapema na akazielewa vizuri, kwa sababu mtu aliyewahi kupanga mbawakawa 100 mezani haambiwi mara mbili kwamba viumbe wa jamii moja hutofautiana.

Alipata ufadhili wa kusoma shule ya bweni mjini Geelong, kisha mwaka 1917 akaanza udaktari katika Chuo Kikuu cha Melbourne. Alihitimu mwaka 1922. Nia yake ilikuwa kutibu wagonjwa, hasa wenye maradhi ya neva, lakini wakubwa wake hospitalini waliona kwamba kijana huyu mkimya angefaa zaidi maabara kuliko wodini. Walikuwa sahihi. Aliingia Taasisi ya Walter na Eliza Hall mjini Melbourne, kisha akaenda London kwa masomo ya juu katika Taasisi ya Lister, ambako alichunguza virusi vinavyoshambulia bakteria. Mwaka 1928 alikuwa amerudi nyumbani, akiwa na shahada ya uzamivu. Mwaka huohuo alimwoa Linda Druce, mwalimu, na wakajaliwa watoto 3.

Mkasa wa Bundaberg

Mwaka huo wa 1928 ulianza kwa msiba mkubwa. Tarehe 27 Januari, katika mji wa Bundaberg, jimbo la Queensland, watoto 21 walichomwa sindano ya kuwakinga na dondakoo. Siku iliyofuata walianza kufa. Watoto 12 walipoteza maisha, baadhi yao ndugu wa nyumba moja. Nchi nzima ilitikisika, na kampeni ya chanjo ya dondakoo ikasimama.

Serikali iliunda tume ya uchunguzi, na mkuu wa taasisi alimofanya kazi Burnet akawa mwenyekiti wake. Kazi ya maabara ilimwangukia Burnet, wakati huo akiwa na umri wa miaka 28. Alichokikuta kilikuwa rahisi na cha kuumiza. Dawa yenyewe haikuwa na kosa. Chupa iliyotumika ilikuwa ya kuchomwa sindano mara nyingi kupitia kifuniko cha mpira, haikuwekewa dawa ya kuzuia vijidudu, na ilikuwa imetumika siku kadhaa katika joto la kiangazi cha Queensland. Bakteria aina ya stafilokokasi walikuwa wameingia ndani yake wakazaliana. Waliochomwa mwisho walichomwa bakteria.

Hapa mtahiniwa ajifunze kutenganisha mambo mawili ambayo magazeti ya siku zile yaliyachanganya: chanjo, na namna ya kuitunza chanjo. Ndiyo maana hadi leo chupa ya chanjo yenye dozi nyingi huandikwa tarehe na saa ilipofunguliwa.

Burnet hakuufunga mkasa huo pamoja na ripoti. Aliendelea kuchunguza sumu ya bakteria wale na namna mwili unavyotengeneza kingamwili dhidi yake. Alipompa mnyama dozi ya kwanza ya sumu iliyodhoofishwa, kingamwili zilitokea polepole na kwa uchache. Alipompa dozi ya pili baada ya muda, zilitokea haraka na kwa wingi. Wewe umelikariri hili kama mwitikio wa kwanza na mwitikio wa pili. Kwa Burnet lilikuwa fumbo. Kama kingamwili ni kitu kinachofinyangwa tu kwa kuigiza umbo la adui, kwa nini mara ya pili ziwe nyingi hivyo, tena hata adui akiwa amekwisha kuondoka mwilini? Kulikuwa na kitu kinachoongezeka, na kinachojiongeza chenyewe ni seli.

Mayai, sungura na homa

Kwa zaidi ya miaka 20 Burnet alijulikana kama mtaalamu wa virusi, na sehemu hii tutaipita haraka. Mwaka 1932 na 1933 alikuwa tena London, akijifunza namna ya kukuza virusi ndani ya yai la kuku lenye kiinitete. Wamarekani walikuwa wameanza njia hiyo. Yeye aliiboresha hadi ikawa kazi ya kawaida ya maabara. Mayai bado yanatumika leo kutengeneza sehemu kubwa ya chanjo za mafua duniani, na chanjo ya homa ya manjano nayo hukuzwa katika mayai. Mwaka 1937 yeye na msaidizi wake Mavis Freeman walitambua kimelea cha homa iliyokuwa ikiwasumbua wafanyakazi wa machinjio mjini Brisbane. Kimelea hicho kikapewa jina la Coxiella burnetii kwa heshima yake.

Mwaka 1944 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilimpa nafasi ya uprofesa. Alikataa. Mwaka huo akawa mkurugenzi wa taasisi yake ya Melbourne, na akaiongoza hadi 1965.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Australia ilieneza virusi vya kuua sungura waliokuwa wakila malisho ya kondoo. Wakati huohuo ukazuka ugonjwa wa ubongo kwa watu, na wananchi wakasadiki kwamba virusi vya sungura vimewageukia wao. Burnet, mwenzake Frank Fenner na mwanasayansi Ian Clunies Ross walijichoma sindano ya virusi hivyo, kiasi cha kuua sungura wengi. Hawakuugua, na hofu ikapungua.

Si kila alichokifanya ni cha kusifiwa. Nyaraka zilizofunguliwa baada ya kifo chake zilionyesha kwamba katika miaka ya 1940 aliishauri serikali ya nchi yake kuhusu matumizi ya silaha za kibiolojia dhidi ya mataifa jirani ya Asia. Uzeeni alitabiri pia kwamba biolojia ya molekuli isingeleta faida kubwa katika tiba, utabiri ambao haukudumu. Mwanasayansi huweza kuona mbali upande mmoja na kujikwaa karibu upande mwingine.

Mapacha wa ng'ombe

Turudi kwenye swali letu. Wafugaji wanajua kwamba mtamba aliyezaliwa pacha na dume mara nyingi huwa tasa. Sababu ni kwamba mapacha hao huunganishwa mishipa ya damu wakiwa tumboni, na homoni za dume humfikia jike. Mwaka 1945 mtafiti wa Marekani, Ray Owen, alitangaza jambo jingine kuhusu mapacha hao: hata wakiwa wakubwa, kila mmoja hubeba mwilini seli za damu za aina mbili, zake mwenyewe na za pacha wake. Na mwili hauzishambulii zile za pacha.

Linganisha na somo la kuongezewa damu. Mtu wa kundi A akipewa damu ya kundi B, kingamwili zake huzishambulia seli hizo mara moja. Kwa nini basi ng'ombe azivumilie seli za mwingine maisha yake yote?

Burnet aliisoma taarifa ya Owen na akaona maana ambayo wengi hawakuiona. Katika kitabu alichokiandika pamoja na Fenner mwaka 1949 alieleza kwamba uwezo wa kutofautisha cha mwenyewe na kigeni haurithiwi ukiwa kamili. Hupatikana katika ukuaji, kabla ya kuzaliwa au karibu na hapo. Kitu chochote kilichomo mwilini wakati huo huhesabiwa kuwa cha mwenyewe. Akatabiri: ukiingiza seli ngeni katika kiinitete, mnyama atakayezaliwa atazivumilia daima.

Kisha akajaribu mwenyewe. Aliingiza virusi katika viinitete vya kuku, akasubiri vifaranga vianguliwe, akawapima. Jaribio lilishindwa. Vifaranga walitengeneza kingamwili kama kawaida.

Aliyefanikiwa ni Peter Medawar wa London, pamoja na wenzake Rupert Billingham na Leslie Brent. Medawar aliingia katika jambo hili kupitia majeruhi wa moto wa Vita Kuu ya Pili, ambao ngozi waliyopandikizwa kutoka kwa watu wengine iliharibika na kubanduka. Mwaka 1953 timu yake ilichukua vijusi vya panya wakiwa bado tumboni, ikaviingizia seli za panya wa ukoo mwingine. Panya hao walipokua walipandikizwa ngozi ya ukoo uleule mwingine. Ngozi ilishika. Panya wa kahawia akaishi na kiraka cha manyoya meupe mgongoni. Utabiri wa Burnet ulikuwa umetimia mikononi mwa mtu mwingine, na mwaka 1960 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba.

Uteuzi badala ya mafunzo

Kwa maoni ya wengi, na ya Burnet mwenyewe, kazi yake kubwa zaidi siyo ile iliyompa Nobel. Ni makala fupi ya kurasa chache aliyoichapisha mwaka 1957.

Wakati huo nadharia iliyotawala ilisema kwamba antijeni hufanya kazi kama kalibu ya kufyatulia matofali: kingamwili hufinyangwa juu yake na kupata umbo linalolingana nayo. Kwa maneno mengine, adui ndiye anayeufundisha mwili. Mtafiti wa Denmark, Niels Jerne, alipinga mwaka 1955 akisema kingamwili za kila umbo zipo tayari, na antijeni huchagua tu inayolingana nayo. Burnet aliichukua hoja hiyo akaihamishia kwenye seli. Alisema kwamba mwili una idadi kubwa mno ya limfosaiti, na kila moja imezaliwa na umbo lake moja la kipokezi, kwa bahati nasibu, kabla haijakutana na adui yeyote. Adui akiingia, seli iliyotokea kuwa na kipokezi kinachomfaa huchochewa kugawanyika. Kizazi chake chote, yaani kloni yake, hutengeneza kingamwili za umbo hilohilo. Baadhi hubaki kama seli za kumbukumbu.

Hapo fumbo la dozi ya pili likafumbuka: mara ya pili kloni imeshakuwa kubwa.

Mtahiniwa aliyeielewa mada ya mageuko ataona kilichofanyika. Tofauti hutokea kwanza, bila kupangwa, mazingira huchagua baadaye, kilichochaguliwa huzaliana. Ni uteuzi asilia wa Darwin ukiendeshwa ndani ya mwili wa mtu mmoja, kwa siku badala ya maelfu ya miaka. Yule kijana wa mbawakawa hakuwa amepotea.

Burnet aliitoa makala hiyo katika jarida dogo la sayansi la Australia, kwa makusudi. Ikiwa ni sahihi, angekuwa wa kwanza. Ikiwa ni kosa, wachache wa nje wangeiona. Mtafiti mwingine, David Talmage wa Marekani, alifikia wazo linalofanana karibu wakati huohuo. Mwaka 1958 Gustav Nossal, mwanafunzi wa Burnet, pamoja na Joshua Lederberg, walichunguza seli mojamoja na kukuta kwamba kila seli hutoa kingamwili ya aina moja tu, kama nadharia ilivyodai.

Lakini nadharia hii ilizaa hatari yake yenyewe. Kama vipokezi hutengenezwa kwa bahati nasibu, lazima baadhi ya seli zizaliwe na vipokezi vinavyolenga ini, kongosho au ubongo wa mwenyewe. Burnet aliziita kloni zilizokatazwa, na akasema lazima ziwe zinaangamizwa zikiwa changa. Alilijua jibu. Hakujua kazi hiyo hufanyika wapi.

Tezi iliyodharauliwa

Nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo, kuna tezi laini iitwayo thaimasi. Usiichanganye na thairoidi, iliyo shingoni. Kosa hili huonekana kwenye karatasi za majibu kila mara. Thaimasi ni kubwa utotoni, na baada ya kubalehe husinyaa polepole na nafasi yake kujaa mafuta. Kwa sababu ukimwondolea mtu mzima haonekani kudhurika upesi, madaktari waliiona kama masalia yasiyo na kazi, au kama makaburi ya seli, maana ilikuwa imejaa limfosaiti zinazokufa. Kuna wakati watoto wachanga walipigwa mionzi kifuani ili tezi hiyo isinyae, kwa imani kwamba ukubwa wake ungewaziba pumzi. Baadhi yao walipata saratani ya thairoidi ukubwani.

Mwaka 1961 Jacques Miller, kijana aliyesomea udaktari Australia na wakati huo akifanya utafiti London, aliiondoa thaimasi ya panya waliozaliwa muda mfupi tu. Panya hao walidhoofu, limfosaiti zao zikawa chache, waliugua kwa urahisi, na ngozi ya panya wa ukoo mwingine ilishika juu yao bila kukataliwa. Tezi isiyo na kazi ikawa kiini cha mfumo wa kinga. Burnet, wakati huo akiwa na miaka zaidi ya 60, aliipokea habari hii kwa haraka kuliko wengi wa rika lake. Alipendekeza kwamba thaimasi ndimo seli hizo huzalishwa, na ndimo kloni zilizokatazwa huondolewa. Maabara yake iligeukia kuku wasio na thaimasi, na panya wa ukoo fulani wa New Zealand ambao miili yao hujishambulia yenyewe. Miller baadaye alihamia katika taasisi hiyohiyo ya Melbourne, na mwaka 1968 yeye na Graham Mitchell walionyesha wazi kwamba limfosaiti ni za namna mbili: zinazopitia thaimasi, ambazo leo huitwa seli T, na zile zinazogeuka kuwa watengenezaji wa kingamwili, yaani seli B.

Sasa tueleze kinachofanyika ndani ya tezi hiyo kama kinavyofahamika leo. Seli changa huzaliwa katika uboho wa mifupa na kusafiri kwa damu hadi kwenye thaimasi. Zikifika hazina kipokezi. Kila moja hukata na kuunga upya jeni zake za kipokezi, bila mpango, hivyo karibu kila seli hutoka na umbo lake. Baada ya hapo kuna mitihani miwili.

Wa kwanza hufanyika katika sehemu ya nje ya tezi. Seli T haiwezi kumtambua adui akielea peke yake. Humtambua pale tu kipande cha protini yake kinapoonyeshwa juu ya seli ya mwili, kikiwa kimeshikiliwa na protini maalumu za utambulisho. Protini hizo hutofautiana kati ya mtu na mtu, na ndizo zinazoleta taabu katika kupandikiza figo. Seli changa isiyoweza kuzishika kabisa haina faida, haipati ishara ya kuendelea kuishi, na hufa ndani ya siku chache. Inayozishika kwa wastani huendelea.

Mtihani wa pili hufanyika zaidi katika sehemu ya ndani. Huko seli za thaimasi huonyesha vipande vya protini za mwili wenyewe. Jambo la kushangaza ni kwamba, kwa msaada wa jeni moja iitwayo AIRE, thaimasi hutengeneza kidogokidogo hata protini za viungo vya mbali, kama insulini ya kongosho, ili mtahiniwa akutane nazo kabla hajaruhusiwa kutoka. Seli inayozishika protini hizo kwa nguvu mno huamriwa kufa. Chache kati ya hizo huachwa hai na kugeuzwa kuwa seli za kutuliza, zinazowazuia wenzao wasivuke mpaka. Watu waliozaliwa na jeni ya AIRE iliyoharibika hupata ugonjwa ambamo kinga hushambulia tezi zao mbalimbali.

Inakadiriwa kwamba katika kila seli 100 zinazoanza, wanaofaulu mitihani yote miwili hawafiki 5. Hakuna kurudia mtihani. Wale limfosaiti waliokufa, walioifanya thaimasi ionekane makaburi, walikuwa waliofeli.

Angalia neno utakalotumia kwenye jibu lako. Vitabu vingi husema thaimasi huzifundisha seli T. Ni lugha ya kurahisisha tu. Hakuna seli moja iliyoingia ikiwa adui wa ini ikabadilishwa kuwa rafiki wa ini. Inayolilenga ini huuawa, na isiyolilenga hubaki. Ni uteuzi.

Elewa pia kwa nini jambo hili linawahusu watu wazima. Virusi vya UKIMWI huharibu seli T saidizi, na kwa mtu mzima thaimasi iliyosinyaa hutoa seli mpya kidogo kuliko ilivyokuwa utotoni. Na ungo wa thaimasi hauna ukamilifu: seli zilizopenya ndizo huhusika katika kisukari cha aina ya kwanza, ambamo kinga huangamiza seli zinazotengeneza insulini.

Burnet hakuyabashiri haya yote. Mtihani ule wa kwanza hakuufikiria kabisa. Msingi wake uligunduliwa Canberra na Peter Doherty na Rolf Zinkernagel katika miaka ya 1970, nao wakapata Nobel mwaka 1996. Alidhani pia kwamba uangamizaji hufanyika hasa kabla ya kuzaliwa, ilhali huendelea muda wote thaimasi inapotoa seli mpya. Lederberg ndiye aliyelisahihisha hilo mwaka 1959, kwa kusema kwamba kinachohesabika ni uchanga wa seli, siyo uchanga wa mnyama.

Miaka ya mwisho

Baada ya kustaafu mwaka 1965 Burnet aliendelea kuandika vitabu, vingine kwa wasomaji wa kawaida, kuhusu saratani, uzee na magonjwa ya mwili kujishambulia. Linda alifariki mwaka 1973, na mwaka 1976 akamwoa Hazel Jenkin. Alifariki kwa saratani tarehe 31 Agosti 1985 huko Port Fairy, pwani ya Victoria, siku 3 kabla ya kutimiza miaka 86. Hadi siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amezionyesha kwa macho kloni zilizokatazwa zikitoweka ndani ya thaimasi.

Mwaka 1987 John Kappler, Neal Roehm na Philippa Marrack, wakifanya kazi Denver, Marekani, walipata njia ya kutia alama seli T za aina moja, zinazojulikana kulenga protini fulani ya mwili wa panya. Walichunguza panya wasio na protini hiyo, wakakuta seli hizo nyingi, changa kwa komavu. Kisha wakachunguza panya wenye protini hiyo. Miongoni mwa seli changa za thaimasi zilikuwepo. Miongoni mwa seli zilizokomaa zilikuwa zimetoweka.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini matokeo ya mapacha wa ng'ombe yalipingana na kile kinachotokea mtu anapoongezewa damu isiyolingana na yake.
2. Ukitumia nadharia ya uteuzi wa kloni, fafanua kwa nini dozi ya pili ya chanjo huleta kingamwili nyingi na kwa haraka.
3. Mwanafunzi ameandika kwamba thaimasi huzifundisha seli T kuupenda mwili. Sahihisha kauli hiyo.
4. Panya aliondolewa thaimasi siku aliyozaliwa na mwingine akiwa mzima. Linganisha kitakachowapata, na utoe sababu.
5. Eleza kitakachotokea mwilini ikiwa mtihani wa pili wa thaimasi hautafanyika, ilhali ule wa kwanza unafanyika kama kawaida.